Ukishafungua, Geuka

Mimi ni fundi cherehani, na mafundi cherehani tuna ugonjwa mmoja: mikono ikishika kazi, mdomo nao unatafuta ya kwake. Sijawahi kushona shati zima nikiwa kimya. Wateja wangu wanalijua hilo. Wengine huja na kifungo kimoja kilichokatika, wakakaa saa nzima, na si kwa ajili ya kifungo. Nayasema haya mapema kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia ni ya binti anayeitwa Pini, fundi kufuli, na ya kwake haisimuliki bila kuanzia kwenye mdomo wangu.

Hata hilo jina nilimpa mimi. Wazazi wake walikufa kabla hajajua kusoma, akabaki na bibi yake katika nyumba tunayopanga. Nyumba ina vyumba kumi, vitano vinatazamana na vitano, katikati uwanja mwembamba wa kuanikia nguo, na bomba moja nje ya lango. Chumba changu ni cha nne. Cha bibi kilikuwa cha kumi, ubavuni mwa choo, na mwenyewe alikuwa akisema mwenye nyumba alimpa hicho baada ya kumwangalia vizuri akaona hana pua. Mtaa wetu uko ng'ambo ya mtaro mkubwa wa maji machafu, na mjini tunajulikana kwa mtaro huo. Ukienda kuomba kazi ukaulizwa unakaa wapi, ukijibu tu, unaona droo inafungwa taratibu. "Watoto wa mtaroni," wanasema, basi. Habari ya nani ni nani haiulizwi tena.

Siku yenyewe mwanangu Kibonge alikuwa na miaka mitatu. Mume wangu alikuwa utingo wa malori ya safari ndefu, wiki tatu barabarani, siku nne nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa ameshatamka mara mbili, mbele ya watu, kwamba mimi na cherehani yangu hatuwezi kulea mtoto, na kwamba akisikia la tatu atamchukua mjukuu wake akamlee mwenyewe. Nilikuwa nalala na maneno hayo na kuamka nayo.

Asubuhi hiyo nilikuwa na furushi la sare za shule za kupeleka upande wa pili wa mji. Mwalimu alikuwa amesema zisipofika kabla ya saa sita, kazi anampa fundi mwingine. Kibonge amelala. Bibi wa chumba cha kumi amekwenda hospitali na magoti yake. Uwanjani hakuna mtu. Nikaacha sufuria ya maharage kwenye jiko la mkaa, maana maharage hayana haraka, nikafunga mlango kwa kufuli upande wa nje, ufunguo nikautia kifuani, nikajiambia: saa moja tu. Zikawa saa tatu.

Kilichotokea nilisimuliwa baadaye. Vipande vya vitambaa chini ya cherehani vilidakwa na cheche. Havikuwaka moto, vilifuka. Pini alikuwa na miaka kumi na mitano, anarudi shule, akaona moshi unatoka chini ya mlango wangu na akamsikia mtoto anakohoa. Akaita, hakuna aliyeitika. Akavuta kufuli, akapiga mlango teke, wapi. Ndipo akachomoa pini kwenye nywele zake akaanza kuchokonoa, kwa sababu aliwahi kumwona bibi yake akifungua hivyo sanduku lililopotelewa na ufunguo. Kufuli yangu ilikuwa moja ya zile nyembamba, ambazo hata ukizikemea zinafunguka. Ikafunguka.

Niliporudi nilimkuta ameketi kizingitini, Kibonge mapajani, uso mweusi kwa masizi, analamba sukari kwenye kiganja. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Nilimkumbatia yule binti, nikambusu vidole, nikamwita Pini, Pini wangu, Pini wa mama. Kisha nikafuta machozi, nikamshika mabega, nikamwambia: "Mwanangu, watu wakiuliza, mimi nilikuwa bombani. Umenisikia? Bombani hapo tu."

"Sawa, mama," akasema.

Ndivyo tulivyopatana, mtu mzima na mtoto, na mtoto ndiye aliyetimiza ahadi yake.

Mwezi haukwisha, duka la jumla la barabarani likaibiwa, na kufuli ikakutwa wazi bila kuvunjwa. Mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo. Kesho yake askari mmoja wa kituo chetu, mrefu, mcheshi, mteja wangu wa siku nyingi, akaja na shati lililokatika kifungo. Akakaa kwenye stuli na fulana yake.

"Mama Kibonge, dunia imeharibika," akasema. "Siku hizi kufuli ni pambo tu."

"Kufuli?" nikasema, uzi mdomoni. "Afande, wewe hujui kitu. Humu ndani tuna binti anafungua kwa pini ya nywele. Anaichomeka hivi, anaizungusha hivi, kufuli yenyewe inamwambia karibu."

Haki ya Mungu nilikuwa namsifu. Kwa wiki zote zile sifa hizo zilikuwa zimenijaa kifuani, na sikuwa na pa kuzimwaga, kwa sababu kila aliyesikia angeuliza mlango ulikuwa wa nani na mama mtu alikuwa wapi. Kwa hiyo nilizimwaga hivyo hivyo, zimekatwa kichwa na miguu. Askari akacheka, nami nikacheka. Akauliza, macho yake kwenye kucha, binti huyo anakaa chumba gani. Nikamwonyesha kwa kidole chenye subana. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini wangu mimi uliponza kichwa cha mwenzangu.

Walimchukua alasiri ile ile, na sare yake ya shule. Bibi alimfuata mpaka langoni kwa magoti yale, kiatu kimoja mguuni.

Siku ya pili askari akarudi, safari hii na daftari. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, ameketi kitandani kwangu, Kibonge mapajani.

"Yule binti anasema alifungua chumba hiki kwa sababu mtoto alikuwa amefungiwa humu na moshi umejaa," akasema. "Ni kweli, Mama Kibonge?"

Mama mkwe akaacha kumbembeleza mtoto. Akanitazama.

"Mtoto alikuwa amelala," nikasema. "Mimi nilikuwa bombani hapo."

"Na moshi?"

"Moshi wa jiko. Wa kawaida."

Akaandika. Nikamkaribisha chai, akasema yuko kazini. Maneno yale machache nimeyarudia kichwani kuliko sala zangu.

Baada ya siku nne mwizi alipatikana: mpwa wa mwenye duka mwenyewe, mwenye ufunguo wa pili mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Pini akaachiwa, amekonda, ananuka mahabusu, na hakuna aliyemwambia pole. Lakini jina lake lilikuwa limeshaingia kwenye daftari ambalo kituoni wanaliita la wanaojulikana. Si daftari la waliohukumiwa. Ni kujulikana tu. Kutoka nyumba yetu peke yake walikuwemo vijana saba. Mmoja aliandikwa kwa sababu alikimbia alipoona askari, na mwingine kwa sababu hakukimbia, wakasema ana kiburi.

Tangu hapo, ikipotea redio, anaitwa Pini. Ukivunjwa mlango upande wa pili wa mji, anaitwa Pini. Mara moja iliibwa mbuzi, wakaja kumwita Pini, na bibi akawauliza kama siku hizi mbuzi nao wanafungwa kwa kufuli. Wakamwambia asiwafundishe kazi. Shuleni mwalimu mkuu alimwambia apumzike kidogo mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia, naye hakuitwa tena. Rafiki zake walikatazwa na mama zao kusimama naye, na mama hao walikuwa wateja wangu. Walikuwa wakinieleza wakati nawapima viuno, nami naitikia, ndiyo, mtoto achungwe.

Mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa napeleka chakula. Kila nikipika, sahani moja inakwenda chumba cha kumi. Nikamshonea gauni, nikamshonea bibi shuka. Watu wakasema Mama Kibonge ana moyo, nikawaacha waseme. Na nilikuwa nawachukia askari kweli kweli, nikiwasema asubuhi na jioni, kwa sababu nikishamaliza kuwasema nilikuwa nimechoka, siwezi kuanza na mwingine.

Alipofika miaka kumi na saba, Pini alikwenda kwa mzee mmoja mwenye meza nje ya ukuta wa soko, anachonga funguo na kutengeneza vitasa. Watu walimwita Babu Kufuli. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi niliompa mimi.

"Babu," akamwambia, "polisi wanasema mimi ni bingwa wa kufuli. Mimi sijui hata ndani ya kufuli kuna nini. Nifundishe, wakinipiga tena wanipige kwa kitu ninachokijua."

Mzee alicheka mpaka uzi ukakatika. Mwezi mzima hakumpa kazi ila kufungua makufuli mabovu na kuyapanga matumbo yake juu ya gazeti, springi huku, vijipini kule. Akamfundisha kuchonga ufunguo kwa tupa, kusikiliza kitasa kwa ncha za vidole, kujua ulimi wa kufuli ulipokwama. Na akamfundisha kanuni moja ambayo alisema bila hiyo fundi kufuli ni mwizi mwenye meza: ukishafungua, geuka. Ukisikia mlango umekubali, usiusukume. Rudi nyuma, upe mgongo. Mwenye mlango ndiye anayeingia, ndiye anayetazama kilichomo. Wewe kazi yako imeishia kwenye ulimi wa kufuli, na usichokiona hakuna wa kukuuliza.

Pini aliishika kanuni hiyo kupita mzee mwenyewe. Nimemwona kwa macho yangu akifungua kabati la mama mmoja aliyepoteza ufunguo. Lilipolia tu, akageuka akatazama ukuta, mikono nyuma. Yule mama akadhani binti kasusa, akauliza kama amemkosea nini.

Mzee alipofariki, meza ikabaki kwake. Bibi naye akafuata mwaka uliofuata. Watu wakamzoea Pini. Walewale waliowakataza binti zao wasisimame naye wakawa wanamwita majumbani mwao, kwa sababu watu wa mtaroni nao hupoteza funguo. Hata askari walikuja na kufuli za pikipiki zao. Kisha jirani akiibiwa kuku, wanakuja walewale kumchukua. Nilimuuliza siku moja anawezaje kuwatengenezea. Akasema, "Mama, kufuli haina kosa."

Basi, mwaka huu wakajenga soko jipya, na meza zote za nje ya ukuta zikapewa hadi mwisho wa mwezi kuondoka. Waliotaka kibanda ndani walitakiwa kupeleka fomu kabla ya Ijumaa. Kwa fundi kufuli fomu ilikuwa na la ziada: barua ya mwenendo mzuri kutoka kituo cha polisi. Pini alikwenda mara ya kwanza, wakamwambia jina lipo. Mara ya pili, jina lipo. Mara ya tatu hata hawakufungua daftari, walimtazama tu wakatikisa kichwa. Alirudi akaketi kwenye stuli yangu, mfuko wa nyaya na tupa miguuni.

"Nikiwa na meza, mimi ni fundi," akasema. "Nikikosa meza, nikawa natembea mjini na mfuko huu, mimi ni nani?"

Nikaendelea kupindisha upindo wa sketi. Nilikuwa na jibu na nililimeza. Mama mkwe wangu yu hai, mume wangu siku hizi amestaafu barabara, anakaa nyumbani, na ile hadithi ya bomba imesimuliwa kwetu miaka tisa, kwenye misiba na kwenye vikao, mpaka imeota ndevu. Kibonge mwenyewe huisimulia. Ana miaka kumi na miwili, na huigiza jinsi mama yake alivyotupa ndoo akakimbia.

Jumatano, kama saa nne asubuhi, gari la polisi likasimama mbele ya meza ya Pini. Kibarazani nje ya lango, ninaposhonea siku hizi, naiona meza ile vizuri. Askari wawili wakashuka, wakasema naye, akachukua mfuko wake akapanda. Mtaa wote ukasema, haya, wamemchukua tena. Mpita njia mmoja akasema, "Samaki wa mtaroni huyo, hata umuoshe vipi." Sijui ni nini kilinipanda. Nimelisikia neno hilo mara elfu. Niliinuka, futi ya kupimia shingoni, nikaacha sketi ya mtu imening'inia kwenye sindano, nikalifuata gari kwa miguu.

Kumbe hakukamatwa. Kabati la chuma la kituo lilikuwa limekwama kitasa tangu jana yake, na ndani mlikuwa na mihuri na madaftari yote. Kituo kizima kimekaa mikono mapajani. Nilipofika nilimkuta amepiga magoti mbele ya kabati, sikio limeegemea chuma, nyaya mbili mkononi. Nikasimama mlangoni. Hakuna aliyenifukuza, labda kwa sababu ya ile futi. Walidhani nimekuja kupima mtu sare.

Mkuu wa kituo alikuwa mgeni, hana hata miezi miwili pale, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. Alisimama akitazama vile vidole. Yule askari wangu mrefu alikuwepo pia, sasa ana mvi na kitambi.

Kabati likalia. Pini akasimama, akarudi hatua mbili, akageuka. Akatazama ukuta uliobandikwa matangazo ya watu waliopotea.

"Vipi?" akauliza mkuu.

"Tayari, afande. Fungueni wenyewe."

"Mbona umetupa mgongo?"

"Vilivyomo ni vyenu."

Askari kijana akacheka. "Afande, humo limo daftari lenye jina lake. Mtu mwingine angelivizia."

"Najua limo," Pini akasema, bado anatazama ukuta. "Naishi nalo."

Mkuu akafungua kabati, akatoa daftari moja nene lenye jalada la kitambaa, akauliza jina lake, akafunua mpaka akalipata. Akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma dawa kabla ya kuinywa:

"Msichana, miaka kumi na mitano. Anafungua kufuli kwa pini ya nywele. Amewahi kufungua chumba cha mpangaji, mwenyewe akiwa bombani. Anadai kulikuwa na mtoto hatarini. Mwenye chumba amekana. Habari zimetoka kwa jirani, fundi cherehani, chumba cha nne."

Akainua macho. "Hakuna kingine? Miaka tisa, hiki tu?"

"Na mengine ya kuitwa, afande," akasema yule mrefu. "Ameitwa mara nyingi. Mara thelathini hivi."

"Akakutwa na nini?"

"Hajakutwa na kitu, afande. Ila mtu haitwi mara thelathini bure."

"Nani alikuwa anamwita?"

Yule mrefu akakohoa. "Sisi."

Mkuu akalifunga daftari, kidole kikiwa ndani. Akasema hawezi kufuta maneno ya raia kwa kumwonea mtu huruma. Akifuta hili, kesho atakuja mwingine kumwambia afute ya mjomba wake. Aliyeyatoa ndiye aje atoe mengine, ayatie saini, yaandikwe chini yake. "Kama huyo fundi bado yuko duniani," akasema.

Nilimtazama Pini mgongoni. Hakugeuka. Kisogo chake kilikuwa vilevile, kimetulia, lakini mikono aliyoifunga nyuma ilikuwa imekazana mpaka vifundo vikabadilika rangi. Ningeweza kuondoka. Hakuna aliyekuwa ananitazama, ila yule mrefu, naye alikuwa anaombea niondoke, maana aliijua aibu yake ndani ya yangu.

"Nipo," nikasema.

Wakaniwekea kiti. Askari kijana akachukua karatasi. Mkuu akauliza mwenyewe.

"Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimepeleka sare za shule, upande wa pili wa mji."

"Si bombani?"

"Si bombani."

"Kwa muda gani?"

"Saa tatu."

"Mtoto?"

"Nilimfungia ndani. Peke yake, na jiko linawaka." Nikamgeukia aliyekuwa akiandika. "Vitambaa vilidakwa na cheche, moshi ukajaa. Asingefungua yeye, mwanangu angekufa, na mimi ndiye ningekuwa nimemuua. Andika hivyo. Halafu andika kwamba mliponiuliza nilikana, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa ananitazama. Niliogopa kunyang'anywa mtoto. Basi nikaacha achukuliwe mtoto wa mwenzangu aliyekufa."

Kalamu ilikuwa inakwaruza. Mimi niliyezoea kujaza kimya cha watu sikuwa na la kuongeza. Nikatia saini. Mkono wangu unaotia uzi kwenye sindano bila miwani ukatoa saini ya mtoto wa chekechea.

Mkuu akaandika chini ya yale maneno ya zamani mistari minne, akagonga muhuri. Hakufuta kitu. Kalamu yao inaongeza tu, haipunguzi. Lakini aliandika pia barua ya mwenendo, akampa Pini mkononi, na akasema pole. Akalisema neno hilo akiwa amesimama. Kisha akalirudisha daftari kabatini, na niliona lilivyo nene. Wale sita wengine wa nyumba yetu bado wamo, na wa nyumba nyingine siwezi kuwajua. Sijui wana fundi cherehani gani wa kuja kuwasemea.

Tulitembea pamoja kurudi. Tulivuka mtaro. Upande wa pili nikashindwa kujizuia.

"Umenisikia mwanangu. Sasa umejua."

"Nilijua," akasema. "Walinisomea siku ile ile ya pili, mle ndani. Fundi cherehani, chumba cha nne."

Nikasimama njiani. Miaka tisa. Sahani zote zile, lile gauni, kila asubuhi akipita kibarazani kwangu akiniamkia kwa adabu.

"Na chakula changu ukawa unakula?"

"Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nawapa kuku wa mwenye nyumba," akasema. "Hukuona walivyonenepa?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake nikamwona analia. "Nilikuchukia, mama. Nilikuwa nikikuona unanisemea kwa watu, unawatukana askari, nasema moyoni, huyu, huyu! Bibi ndiye aliyeniambia niache. Akasema, ana mtoto anayeogopa kumpoteza, ipo siku atachoka kuogopa. Bibi akafa. Mimi nikaendelea kungoja."

"Ungesema wewe. Ungenitangaza."

"Nani angemsikiliza mtoto wa mtaroni?"

Nilimwomba msamaha pale pale njiani, watu wakipita, na hakuniambia amenisamehe. Alinishika mkono tu, tukaendelea. Ijumaa alipeleka fomu, na kibanda akakipata, cha tatu ukiingia kwa lango la kusini. Lakini hilo lilikuwa bado; siku hiyo ilikuwa Jumatano, na tulikuwa tumefika langoni.

Mlango wa chumba cha nne ulikuwa umerudishiwa. Ndani nilisikia sauti ya mume wangu, na ya Kibonge aliyekuwa amerudi shule, wanabishana kuhusu mpira. Habari za kituoni hazina miguu lakini hukimbia. Kabla ya jioni zingekuwa zimefika bombani, na kutoka bombani kwa mama mkwe.

"Nenda umwambie Kibonge wewe," Pini akasema, "kabla hajaambiwa."

"Nitaanzaje?"

Alinifikisha mpaka mlangoni, akausukuma kidogo kwa kidole mpaka ukaachia, akarudi hatua mbili. Kisha akageuka, akatazama uwanja wa kuanikia nguo, mikono nyuma.

Nikaingia. Kibonge akainua kichwa, akaiona futi shingoni, akaniona machozi, akaacha kubishana.

"Mwanangu," nikamwambia, "siku ile sikuwa bombani."